Sanaa ya Kisasa Inapohoji Alama, Bidhaa na Madaraka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye hakusomea sanaa lakini ameingia, au anafikiria kuingia, kwenye maonyesho ambamo kuna magunia ukutani, ndizi iliyobandikwa kwa utepe au sanamu ya mfalme asiye na kichwa. Mwandishi ana upande wake na haufichi: kabla hujauliza kazi ina maana gani, uliza kilichoitengeneza kimetoka wapi.

Maonyesho ya namna hii yanahusu nini hasa?

Yanahusu vitu ambavyo jamii imevipa uzito: bendera, vinyago, sanamu za viongozi, nguo za sherehe, nembo za kampuni. Msanii hukichukua kimojawapo akakiweka pasipo pake, akakikuza, akakivunja au akakirudia mara elfu, mpaka tuanze kujiuliza uzito huo kilipewa na nani.

Mwaka 1994 msanii wa China Ai Weiwei alichukua chungu cha enzi ya Han, chenye umri wa miaka kama elfu mbili, akakichora nembo ya Coca-Cola. Mwaka uliofuata alipigwa picha tatu mfululizo akiachia chungu kingine cha enzi hiyo kikapasuka miguuni pake. Wengi walikasirikia chungu. Lakini China wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, chini ya kiongozi wake Mao, ilivunja vya kale vingi mno kwa baraka za serikali, na hasira ya namna hiyo ilikuwa hatari kuionyesha.

Kopo la supu, gunia, ndizi: hivyo navyo ni sanaa?

Bishano hili limepita miaka 100. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York sinki la kukojolea la wanaume, likiwa limetiwa saini ya "R. Mutt". Waandaaji walikuwa wameahidi kupokea kazi ya yeyote aliyelipa ada. Hii hawakuionyesha. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kusema "hii ni sanaa" ni madaraka kama madaraka mengine, na yana wenyewe.

Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha Los Angeles, kwenye nyumba ya sanaa ya Ferus, michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's. Kila mchoro ulikuwa na ladha yake, na yote ilipangwa juu ya ubao mwembamba kama rafu ya duka. Bei ilikuwa dola 100 kwa mmoja. Mwenye nyumba ya sanaa aliamua isitawanyike, akainunua yote kwa dola 1,000. Leo iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York.

Warhol alipata sifa zote, na anastahili nyingi. Hata hivyo, kwa maoni yangu kazi nzito zaidi kuhusu bidhaa zimetoka Afrika Magharibi, kwa wasanii ambao hawakuangalia bidhaa ikiwa mpya kwenye rafu. Wao waliiokota ikiwa imeshatumika. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha kwa nyaya za shaba maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kali, vikawa mapazia makubwa yanayometa kama dhahabu. Kwa mbali unaona fahari ya kifalme. Ukisogea unasoma majina ya pombe, na pombe ilikuwa mojawapo ya bidhaa ambazo Wazungu walizileta pwani ile kubadilishana na watu. Maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimtunuku Simba wa Dhahabu wa mafanikio ya maisha mwaka 2015.

Romuald Hazoumè wa Benin anatumia madumu ya plastiki yanayobeba petroli ya magendo kutoka Nigeria. Wachuuzi huyapasha moto ili yatanuke yabebe zaidi, mpaka yanapopasuka na kutupwa. Yeye alipanga madumu 304, kila moja likiwa na sura ya kinyago, kwa kufuata ule mchoro wa karne ya 18 wa meli ya Brookes ulioonyesha watumwa walivyolazwa bega kwa bega. Kazi hiyo, La Bouche du Roi, ilionyeshwa British Museum mwaka 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa inafanana na nini.

Yuko pia Ibrahim Mahama wa Ghana, anayefunika majengo mazima kwa magunia ya juti. Magunia hayo hushonwa Asia, hupakiwa kakao ya kwenda ng'ambo, kisha hurudi sokoni kubeba mchele na mkaa hadi yachanike. Mahama huwapa wafanyabiashara magunia mapya wampe makuukuu, maana anayataka na viraka vyake na majina ya wenyewe yaliyoandikwa juu yake.

Nikiingia ukumbini nianzie wapi?

Soma kile kibao kidogo ukutani, lakini ruka jina la kazi na maelezo marefu. Tafuta mstari unaotaja vilivyotumika. Mara nyingi waandishi wa maelezo hujaza maneno makubwa, ila mstari huo hauna ujanja: sukari, juti, kauri, molasi, nywele. Kisha fuata safari ya kitu hicho. Nani alikichimba au alikilima? Nani alikibeba? Faida ilibaki wapi?

Mbegu za alizeti za Ai Weiwei ndizo mazoezi mazuri kuliko yote. Oktoba 2010 alimwaga kwenye ukumbi wa Turbine wa makumbusho ya sanaa ya Tate Modern, London, mbegu milioni 100. Zote ni za kauri, na kila moja ilipakwa rangi kwa mkono na mafundi wapatao 1,600 wa Jingdezhen, mji uliokuwa ukiwatengenezea wafalme wa China vyombo vyao. Katika mabango ya enzi za Mao kiongozi alikuwa jua na raia walikuwa alizeti zinazomgeukia. Hapo unayo alama ya utawala, bidhaa ya "Imetengenezwa China", na kazi ya mikono ya watu ambao hatujui hata jina moja lao. Yote hayo yanatoka kwenye neno "kauri".

Je, lazima nijue historia kabla ya kwenda?

Hapana. Ila ukienda na mtu anayeijua, mpe nafasi aseme.

Kazi ya sukari ya Kara Walker inatajwa kila mahali. Ilikuwaje?

Mwaka 2014, ndani ya kiwanda kikuukuu cha sukari cha Domino kilichokuwa kinasubiri kubomolewa Brooklyn, msanii Mmarekani Mweusi Kara Walker alisimamisha umbo la mwanamke Mweusi aliyejilaza kama sfinksi, ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba, kitambaa kimefungwa kichwani, lenye urefu wa mita 23 hivi na kimo cha zaidi ya mita 10, limepakwa sukari nyeupe pe. Kabla ya kumfikia mgeni alipita katikati ya sanamu za watoto wa kiume waliobeba vikapu. Baadhi yao walikuwa wa sukari iliyounguzwa, na joto la kiangazi liliwayeyusha hata wakaanguka vipande vipande. Harufu ya molasi iliyokuwa imeganda kwenye kuta kwa miongo mingi ilikuwa sehemu ya kazi.

Jina la kazi, A Subtlety, lilikumbusha mapambo ya sukari yaliyowekwa kwenye meza za wafalme wa Ulaya zama za kati, wakati sukari ilipokuwa anasa ya wachache. Ilishuka bei na kufika kwenye kila kikombe cha chai kwa sababu mamilioni ya Waafrika walipelekwa ng'ambo ya bahari kukata miwa. Weupe wenyewe hutokana na kusafishwa, na kazi ya kiwanda kile ilikuwa hiyo hasa: kuitoa sukari rangi yake ya kahawia. Sukari ya sanamu ilitolewa bure na kampuni ya Domino.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niiheshimu kazi hii zaidi. Wageni wengi walijipiga picha za kihuni mbele na nyuma ya mwili ule, wakacheka, wakazisambaza mtandaoni. Wengine, hasa Wamarekani Weusi, walitoka wameumia. Walker hakuonekana kushangaa. Alikuwa amewarekodi watazamaji kwa video, na baadaye akaionyesha video hiyo kama kazi inayojitegemea. Waliokuja kuutazama mwili wa mwanamke wakawa wao ndio wanaotazamwa.

Vitambaa vya Yinka Shonibare ni alama ya Afrika, sivyo?

Ndivyo vinavyouzwa, na ndipo anapotutega. Shonibare alizaliwa London na kukulia Lagos. Huwavisha makabaila wa Ulaya wasio na vichwa nguo za mitindo ya karne zilizopita, zilizoshonwa kwa vitenge vyenye rangi kali. Lakini vitenge hivyo vilianza kama mwigo wa batiki ya Indonesia, uliofanywa kwa mashine na Waholanzi. Soko lake kubwa likaja kuwa Afrika Magharibi, ambako wanawake wafanyabiashara waliipa mitindo majina na kuifanya yao. Yeye alivinunua sokoni Brixton, London.

Je, basi si vya Kiafrika? Mimi nasema ni vya Kiafrika kabisa, kwa sababu kitu huwa cha watu kwa jinsi wanavyokiishi. Ila mtu anayetafuta Afrika safi, isiyoguswa na biashara wala meli, hataipata kwenye kitambaa hicho. Katika kazi yake ya mwaka 2003 kuhusu kugawanywa kwa Afrika, watu 14 wasio na vichwa wameketi kuizunguka meza yenye ramani ya bara, mikono inapepea hewani, na wote wamevaa kitenge. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulifanyika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Hapa Afrika ipo, lakini kama nguo za wanaoigawana.

Wasanii wanaokejeli biashara huku wakiuza kwa mamilioni, si ni wanafiki?

Baadhi yao ndiyo, tena hawajali. Takashi Murakami wa Japani alifanya kazi na Louis Vuitton, kampuni ya mikoba ya kifahari, na maonyesho yake ya 2008 kwenye Brooklyn Museum yalikuwa na duka halisi la mikoba hiyo ndani ya ukumbi. Angalau hakujificha.

Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi huko Miami, Desemba 2019, akaiuza kwa dola 120,000. Mnunuzi hupewa cheti na maelekezo, ndizi anajinunulia mwenyewe. Novemba 2024 nakala moja iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 6.2, na tajiri wa sarafu za kidijitali aliyeinunua akaila mbele ya waandishi wa habari Hong Kong. Dunia nzima ilicheka. Ndizi ya mnadani ilikuwa imenunuliwa kwa mchuuzi wa matunda wa barabarani kwa senti 35. Mzaha wa Cattelan ulihusu matajiri, na matajiri waliufurahia kuliko wote. Aliyeuza ndizi hakuwamo kwenye mzaha wala kwenye malipo. Nikipima kazi hiyo kwa kipimo hicho naiona nyepesi, ingawa bei yake imetuambia kweli fulani ambayo Cattelan peke yake asingeisema.

Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza, je? Mwaka 2018 mchoro wake ulijichana wenyewe kwenye mashine iliyofichwa ndani ya fremu, mara tu nyundo ya mnada ilipogonga kwa zaidi ya pauni milioni 1. Mwaka 2021 mabaki hayo yakauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 18. Soko halina aibu. Hata ukilitukana, tusi hilo litawekewa bei.

Gharama za maonyesho haya hulipwa na nani?

Serikali, tiketi, matajiri na kampuni. Swali hili ndilo linaloleta ugomvi mkubwa kuliko picha yoyote ya uchi.

Mwaka 1971 makumbusho ya Guggenheim ya New York yalifuta maonyesho ya msanii Hans Haacke wiki chache kabla ya kufunguliwa. Sababu kuu ilikuwa kazi iliyoonyesha, kwa picha na nyaraka zilizo wazi kwa umma, majengo ya makazi duni ya mmiliki mmoja mkubwa jijini humo. Mratibu aliyemtetea Haacke alifukuzwa kazi. Hakuna nembo wala umbo lililovunjwa pale, ni karatasi za umiliki tu.

Mpiga picha Nan Goldin alifika mbali zaidi. Alikuwa amenasa kwenye OxyContin, dawa ya maumivu ya kampuni ya familia ya Sackler, familia ambayo jina lake liliandikwa kwenye kumbi za makumbusho makubwa. Machi 2018 yeye na wenzake waliingia Metropolitan Museum, New York, na kutupa vichupa vya dawa kwenye maji ya ukumbi wenye hekalu la Misri. Louvre ya Paris iliondoa jina hilo mwaka 2019, na Metropolitan ikafuata Desemba 2021.

Rudi sasa kwenye zile mbegu za alizeti. Zilidhaminiwa na Unilever, iliyogharimia kazi za ukumbi wa Turbine kuanzia 2000 hadi 2012. Tate nayo ilianzishwa kwa mali ya Henry Tate, tajiri wa sukari, ikafunguliwa 1897. Tate hakumiliki watumwa, kwani utumwa ulipigwa marufuku kwenye makoloni ya Uingereza akiwa kijana mdogo, lakini biashara aliyoingia ilikuwa imejengwa na mikono yao. Mwaka 2019 Kara Walker alipojenga ukumbini humo chemchemi ya mita 13, akifuata umbo la mnara wa Malkia Victoria ulio mbele ya Buckingham Palace na kuijaza habari za biashara ya watumwa, mdhamini alikuwa Hyundai. Ukifuata fedha za jengo moja tu unapita kwenye miwa, mawese na magari.

Mawese yameingiaje?

Unilever ina mizizi yake katika kampuni ya sabuni ya Lever Brothers. Mwaka 1911 kampuni hiyo ilipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Makao yake mojawapo yaliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Mwaka 1931 Wapende, watu wa eneo hilo, walioasi kazi za lazima walimuua ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, na mchongaji akatengeneza sanamu ya mti ya ofisa huyo ili kuizuia roho yake isilete madhara. Sanamu hiyo sasa iko katika makumbusho moja ya Virginia, Marekani.

Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba ya Lusanga waliunda chama cha wasanii, CATPC. Huchonga kwa udongo wa mtoni, kisha maumbo yao hunakiliwa na kumiminwa kwa kakao na mafuta ya mawese, yaani mazao yaleyale yaliyowafukarisha. Kazi zimeuzwa Ulaya na Marekani, na mapato yametumika kununua tena ardhi na kupanda miti. Mwaka 2024 waliwakilisha Uholanzi Venice, na kipindi hichohicho sanamu ya Balot ilionyeshwa Lusanga, nyumbani. Kwa mkopo! Nadhani hakuna kazi ya miaka ya karibuni iliyoeleza madaraka waziwazi kuliko mkataba huo wa mkopo.

Je, makumbusho yenyewe yanaweza kuhojiwa kwa vitu vyake?

Msanii Fred Wilson alifanya hivyo Baltimore, Marekani, mwaka 1992, kwa Chama cha Historia cha Maryland. Hakuleta kitu kipya. Alishuka stoo. Kwenye kabati la vyombo vya fedha vilivyong'arishwa, aliongeza pingu za watumwa za kipindi hichohicho na kuacha kibao kisemacho tu "Kazi za metali, 1793–1880". Mahali pengine alipanga viti vya kifahari vikitazama nguzo ya kuchapia viboko. Vyote vilikuwa mali ya taasisi hiyo tangu zamani. Kilichobadilika ni nani alikaa karibu na nani.

Kwa nini baadhi ya maonyesho huzua ghasia?

Kwa sababu alama haimwambii kila mtu jambo lilelile, na mwenye kuumizwa nayo si lazima awe mwenye mamlaka. Mwaka 2012 Johannesburg, Brett Murray alimchora Rais Jacob Zuma kwa mkao wa Lenin huku sehemu za siri zikiwa wazi. Chama tawala kilikwenda mahakamani, na wanaume wawili wakaupaka mchoro rangi mchana kweupe. Kwa waliomtetea Murray, ile ilikuwa dhihaka kwa mtawala. Wengine waliona mwili wa Mwafrika ukivuliwa nguo kwa mara nyingine mbele ya watu. Pande zote mbili zilikuwa zinaitazama picha ileile, na sioni upande uliokuwa unajisingizia.

Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, bango kubwa la kikundi cha Taring Padi cha Indonesia lilifunikwa kitambaa cheusi kisha kushushwa kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo, kwa kuwa lilikuwa na sura za chuki dhidi ya Wayahudi. Bango lilitengenezwa miaka 20 kabla, kuushutumu utawala wa zamani wa Suharto, dikteta wa nchi hiyo. Hilo linaeleza lilikotoka, haliondoi kilichochorwa.

Naruhusiwa kugusa au kupiga picha?

Uliza mlinzi. Mbegu za Tate ziliwekwa ili watu wazikanyage, lakini baada ya siku chache ruhusa hiyo iliondolewa kwa sababu ya vumbi la kauri.

Nizione wapi kazi za aina hii?

Venice hufanya maonyesho yake makubwa kila baada ya miaka miwili, documenta ya Kassel kila baada ya mitano, na ijayo ni 2027. Barani Afrika, Dak'Art, maonyesho ya Dakar, Senegal, ndiyo yenye umri na sauti, na makumbusho ya Zeitz MOCAA ya Cape Town, iliyofunguliwa 2017 ndani ya maghala ya nafaka ya zamani, iko wazi mwaka mzima. Sfinksi wa sukari alibomolewa mwaka uleule na chemchemi ya Walker nayo haipo tena, hivyo hizo ni za kutazamwa kwa picha na video. Meli ya Shonibare, iliyoiga ile ya Nelson, amirali wa Uingereza, yenye matanga 37 ya kitenge ndani ya chupa kubwa, imetoka Trafalgar Square, London, na sasa iko nje ya makumbusho ya bahari, Greenwich, ambapo huhitaji tiketi kuizunguka.